Maisha ya Siti binti Saad, na Swali la Kuzipamba Upya Kazi za Kale

Jina la Siti binti Saad si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Tumelisoma vitabuni, tumelisikia kwa walimu wetu, na wengi wetu twaweza kujibu katika mtihani kwamba alikuwa mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Unguja. Lakini waliokwisha kuisikia sauti yake ni wachache. Muhula huu limezuka swali hapa shuleni ambalo haliwezi kujibiwa vema bila ya kuyajua maisha ya mama huyu, na kwa sababu hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu niyasimulie.

Swali lenyewe ni hili: kazi ya sanaa iliyotengenezwa zamani kwa vyombo hafifu, je, yafaa kupambwa upya kwa vyombo vya leo? Lilianzia katika michezo ya televisheni ya zamani inayosimulia safari za angani, ambayo huonyeshwa bwaloni baadhi ya Jumamosi. Vyombo vya angani vilivyomo ni mifano midogo tu iliyoundwa kwa mikono, na wadogo zetu wa kidato cha kwanza huangua kicheko kila vinapopita. Chama cha mijadala kikatoa hoja kwamba picha zote za namna hiyo zingetupwa, ziwekwe nyingine zilizochorwa kwa kompyuta. Kabla ya vumbi la mjadala huo kutua, chama cha muziki nacho kikaleta la kwake. Wenzetu wamepata nakala ya wimbo wa Siti binti Saad, nao wataka kuitumia siku ya mahafali ya kidato cha nne. Shauri lao ni kuitia katika programu ya kompyuta, kuiondoa fidla, kuweka ngoma za kinanda cha umeme mahali pake, na kuurefusha wimbo upate kuchezeka. Kisha nakala hiyo mpya ndiyo iwekwe katika kompyuta ya maktaba, na ile ya kale ifutwe, maana, wasema, hakuna atakayeitaka tena.

Mimi ni katibu wa chama hicho, na shauri halijakatwa. Nimeona heri tumjue kwanza mwenye sauti, ndipo kila mtu apime kwa mizani yake.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Mnyamwezi, na mama yake Mzigua. Kwa hiyo damu yake ilikuwa ya huku bara, kama ya wengi wetu tusomao hapa Kidatu. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa la ajabu siku zile, kwa kuwa utumwa ulikuwa haujaondolewa kisiwani. Amri ya kuuondoa ilitolewa mwaka 1897, wakati yeye alipokuwa msichana mkubwa.

Nyumbani kwao walikuwa maskini. Hakupata kusoma shule, na kazi waliyoitegemea ilikuwa ufinyanzi. Mtumwa alijitwika vyungu kichwani, akashika njia ya mjini kwa miguu, na alipofika mitaani akavitangaza kwa sauti ili wanunuzi watoke majumbani. Yasimuliwa kwamba watu walizoea kuitambua sauti ile kabla ya kumwona mwenyewe, na kwamba wengine walitoka kusikiliza kuliko kununua. Basi hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza ya uimbaji: jua kali, mzigo kichwani, na haja ya kusikika mbali.

Mwaka 1911 aliacha shamba akahamia mjini. Katika mji wa Unguja siku hizo palikuwa na Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe na matajiri, na palikuwa na Ng'ambo, upande wa pili wa hori, walikokaa wachukuzi, vibarua, wavuvi na watu waliotoka utumwani. Mwanamke maskini wa shamba, asiye na elimu wala ukoo wa kujivunia, hakuwa na mengi ya kutumainia. Lakini alikuwa na sauti, tena alikuwa na hamu ya kujifunza.

Hapa yafaa nieleze kidogo juu ya taarab yenyewe, maana bila ya hayo hatutaelewa Siti alifanya nini. Muziki huo uliingia Unguja kwa mlango wa ikulu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alimpeleka Misri kijana mmoja, jina lake Mohamed bin Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni, kisha arudi kuwatumbuiza watu wa jumba la mfalme. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwan Safaa, ambacho kimeendelea kupiga taarab kwa zaidi ya miaka 100. Mwanzo wake muziki huo ulikuwa wa wanaume, na nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu. Mchukuzi wa Ng'ambo aliyesimama nje ya dirisha aliweza kusikia utamu wa ala, lakini maneno yalimpita kama upepo.

Mjini Mtumwa alikutana na mtu mmoja mjuzi wa muziki, Ali Muhsin, aliyeitambua thamani ya sauti yake akamfundisha. Alijifunza kuimba kwa kufuata ala, na alijifunza kuyatamka maneno ya Kiarabu sawasawa. Halafu alijiunga na wapiga ala wenye sifa: Mbaruk Talsam, Subeti bin Ambar, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Sifa zake zilipoenea lilimjia jina jipya la Siti, jina la heshima lenye maana ya bibi. Tazama basi njia aliyoipita: aliingia mjini akiitwa Mtumwa, akazikwa akiitwa Bibi. Hakuna aliyemrithisha cheo hicho. Alikipata kwa koo lake na akili yake.

Sasa Siti alifanya jambo lililobadili muziki wa pwani yote. Aliichukua taarab ya ikulu akaiimba kwa Kiswahili. Hakuiacha ile ya Kiarabu. Aliweza kuiimba, na watukufu walimwalika awaimbie. Lakini usiku, katika mikutano yao huko Ng'ambo, yeye na wenzake walitunga nyimbo za lugha ya watu wote, na mambo yaliyomo yalikuwa mambo ya watu wote. Waliokuja kusikiliza walileta habari za mchana, na habari hizo zikageuzwa wimbo: karani aliyewadhulumu wanyonge, hukumu ya mahakama iliyowashangaza watu, mapenzi yaliyovunjika, kiburi cha tajiri. Katika siku ambazo wengi hawakujua kusoma, wimbo wa Siti ulikuwa kama gazeti.

Wimbo wake mmoja unaojulikana sana uitwao Kijiti wasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa. Mwuaji alivuka bahari akakimbilia bara, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio walioangukiwa na mkono wa sheria. Watu walinung'unika kimya kimya, lakini Siti aliutaja uovu huo kwa sauti, kwa jina la mtendaji, na wimbo wake umedumu kuliko karatasi za kesi. Mwenye kuusikia leo asikia muziki, na tena asikia ushahidi wa jinsi wanyonge walivyoiona sheria ya wakoloni.

Kila penye sifa hapakosi husuda. Siti hakuwa mzuri wa sura kama watu wa siku zile walivyouhesabu uzuri, na wapinzani wake walipokosa la kusema juu ya sauti yake walisema juu ya uso wake. Walimtungia nyimbo za kumkejeli, wakauliza ana nini huyu hata watu wamfuate. Siti hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa wimbo, akawaambia kwamba urembo si hoja, na kwamba mtu hupimwa kwa akili na kwa usemi wake. Wenye kejeli walinyamaza, na jibu lake lingali linakumbukwa. Nawaomba wanafunzi wenzangu wayatie jambo hili moyoni, maana nitalirudia.

Mwaka 1928 lilitokea jambo kubwa. Kampuni ya gramafoni ya Uingereza, ile iliyotia picha ya mbwa asikilizaye santuri katika alama yake, iliwaita Siti na wenzake waende Bombay, Bara Hindi, wakatiwe sauti zao katika sahani. Walisafiri kwa meli mwezi wa Machi. Hivyo mwanamke aliyekuwa akitembeza vyungu alivuka bahari ya Hindi kwa sababu ya sauti yake, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuimba katika santuri.

Yafaa tujue kazi hiyo ilifanyika vipi. Vipaza sauti vya umeme vilikuwa vipya kabisa. Vilianza kutumika katika kazi ya santuri mwaka 1925. Waimbaji na wapiga ala walikusanyika mbele ya chombo, na sauti yao iliendesha sindano iliyochora mfuo katika sahani ya nta. Hapakuwa na kufuta, wala kukata kipande kibaya na kuunga kizuri. Aliyekosea katikati ilimpasa aanze tena tangu mwanzo katika nta nyingine. Sahani zilizouzwa zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu fulani wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, zilivunjika kama kigae, na zilizunguka mara 78 kwa dakika moja.

Kwa mwendo huo upande mmoja wa sahani ya kawaida ulijaa baada ya dakika kama tatu. Mtu aliyezoea kuimba usiku mzima, akirudia beti kwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, sasa ilimpasa aseme yote kabla sindano haijafika katikati. Siti na wenzake walifanya nini? Walichagua beti, walikaza mwendo, waliacha nafasi fupi kwa fidla na udi kujibu, wakafunga wimbo kwa wakati wake. Ule ufupi tunaousikia leo hautokani na uvivu wala na uchache wa maneno. Ni ustadi wa watu walioutazama ukuta wa chombo wakajenga nyumba inayoenea ndani yake.

Santuri zile ziliuzwa kwa wingi pwani na bara. Penye gramafoni moja palikusanyika watu kumi, na Kiswahili cha Unguja kiliingia masikioni mwa watu waliokuwa hawajaiona bahari. Makampuni mengine nayo yakaanza kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Siti aliendelea kuimba miaka mingi baadaye, na waimbaji waliofuata walijifunza kwake. Mmoja wao ni Bi Kidude, aliyezibeba nyimbo za Siti mpaka alipofariki mwaka 2013.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya kufa alibahatika kuzungumza na Shaaban Robert, mshairi wetu mkubwa kutoka Tanga, naye akaandika kitabu cha maisha yake, Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho kimesomwa na wanafunzi wengi wa sekondari. Chama cha wanawake waandishi wa habari Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipa gazeti lake jina la Sauti ya Siti. Kaburi lake hatuwezi kulizungumza. Lakini santuri zile, ambazo baadhi zimenakiliwa katika sahani za siku hizi, zingali zatupa pumzi yake yenyewe.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Sasa narudi kwenye swali letu.

Wenzangu wanaotaka kuupamba wimbo wake wana hoja ya haki, wala sipendi kuipuuza. Wasema kwamba kijana wa leo akisikia mikwaruzo ya santuri hufunga masikio kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Wasema kwamba kazi isiyosikilizwa imekufa, hata kama imehifadhiwa katika kabati lenye kufuli. Wasema pia kwamba Siti mwenyewe alikuwa mtu wa mambo mapya: aliigeuza taarab, aliipenda mashine, na laiti angalikuwa hai angalivitumia vinanda vya umeme. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu kupita zote, nami naiheshimu. Lakini naona imesahau jambo moja. Siti alipoiimba taarab kwa Kiswahili hakumzuia mtu kuiimba kwa Kiarabu. Aliweka chake pembeni ya kile alichokikuta. Aliyependa cha kale alikipata, na aliyependa kipya alikipata, na watu wakaweza kulinganisha.

Hata katika michezo ya angani tuliyoanza nayo mfano huo upo. Mchezo wa Star Trek ulionyeshwa kwanza katika televisheni za Marekani tangu mwaka 1966 hata 1969. Ndani yake yumo afisa mwanamke mweusi aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu la Kiswahili, uhuru. Aliyemwigiza ni Nichelle Nichols. Mwaka 2006 wenye mali ya mchezo huo walianza kuondoa picha za mifano ya vyombo vya angani na kuweka nyingine zilizotengenezwa kwa kompyuta. Wapenzi wake walibishana, kama tunavyobishana sisi. Lakini sahani za mchezo huo zilizotolewa tangu mwaka 2009 zilimpa mtazamaji uhuru wa kuchagua: apendaye picha mpya atazame mpya, na apendaye za kale atazame za kale. Naona hapo walitenda haki.

Filamu ya Star Wars haikuwa na bahati hiyo. Ilitoka mwaka 1977, na mwaka 1997 mwenyewe aliyeitunga, George Lucas, aliitoa tena akiwa ameongeza na kubadili picha nyingi. Baada ya hapo filamu iliyobadilishwa ndiyo iliyosambazwa, na watu waliotaka kuiona kama ilivyokuwa mwanzo walipata taabu miaka mingi. Na huyo alikuwa mtungaji mwenyewe, mtu hai, akiigusa kazi ya mikono yake. Sisi je? Siti hatuwezi kumwuliza. Mbaruk na Budda hatuwezi kuwaita waje waseme kama wameridhika fidla iondolewe.

Na sasa nalirudia lile jambo la sura. Wale wadogo zetu wanaocheka bwaloni wamecheka kile chombo kidogo, hawakumtazama Uhura. Mwaka 1966, wakati watu weusi wa Marekani walipokuwa wangali wakipigania haki zao, mwanamke mweusi kukaa katika chumba cha kuongozea chombo, akiheshimiwa na wenziwe, lilikuwa jambo zito kuliko picha yo yote ya kompyuta. Vivyo hivyo, anayekimbia santuri kwa ajili ya mikwaruzo amefanya kama wale waliomkimbia Siti kwa ajili ya uso wake. Siti alikwisha kuwajibu watu wa namna hiyo, na sioni kwamba jibu lake limechakaa.

Sisemi kwamba kazi za kale zisiguswe kabisa. Hapa Kidatu tunao mfano mzuri, nao upo relini. Njia ya TAZARA ina upana wa milimita 1067, na njia iliyojengwa kutoka Kilosa kuja Kidatu ina upana wa milimita 1000. Behewa la njia moja haliwezi kupita katika nyingine. Kwa sababu hiyo, mwaka 1998 kilikamilika hapa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka magari ya njia moja kwenda magari ya njia nyingine. Mwenye mizigo hutaka vitu viwili tu: ihamishwe, na ifike kama ilivyotoka. Akifungua gunia lake la mchele akakuta mahindi, hataambiwa ashukuru kwa kuwa mahindi ni mapya.

Santuri nayo ni njia nyembamba ya zamani, na kompyuta ni njia ya leo. Kuhamisha ni lazima, maana sahani zile huvunjika na gramafoni zimekuwa adimu. Hata kufuta vumbi ni halali, kwa kuwa mikwaruzo haikuimbwa na Siti. Ililetwa na sindano na miaka. Lakini fidla si vumbi. Zile dakika tatu si vumbi. Tukiiondoa fidla na kuurefusha wimbo tutakuwa hatuhamishi mzigo tena, bali tutakuwa tumeubadili njiani na kuliacha jina la mwenyewe juu ya gunia.

Anayetaka kuutengeneza upya naye anayo njia iliyo wazi, tena ya heshima. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu iitwayo Siti of Unguja. Ndani yake aliziimba nyimbo za taarab kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na ala za kale na milio ya mitambo ya siku hizi. Hakuipaka rangi santuri ya bibi yake. Alisimama pembeni yake akaimba. Ukipenda wamsikiliza kitukuu, ukipenda wamsikiliza bibi, na ukiwa na busara wawasikiliza wote wawili ili ujue damu imepita wapi.

Basi shauri langu kwa chama cha muziki ni hili. Kwanza, nakala tuliyonayo iwekwe katika maktaba kama ilivyo, na atakayeweza kupunguza mikwaruzo aipunguze katika nakala nyingine, bila ya kufuta ile ya kwanza. Pili, siku ya mahafali wenzetu wauimbe wimbo kwa makoo yao. Wapige ngoma, wapige kinanda, waurefushe wapendavyo, na katika karatasi ya ratiba waandike wazi kwamba wimbo ni wa Siti binti Saad na upigaji ni wa wanafunzi. Ukiwa mzuri, sifa ni yao. Ukiwa mbaya, hawatakuwa wamemharibia mtu asiyeweza kujitetea. Tatu, kabla ya kuanza mazoezi, kila mwanachama aisikilize santuri ya kale mara tatu tangu mwanzo hata mwisho. Ni kazi ya dakika tisa tu, pungufu ya muda tunaoupoteza kwenye mstari wa chakula.

Najua kwamba baadhi ya wenzangu watakaopiga kura ni rafiki zangu wa bweni moja, na kwamba huenda shauri langu lisiwapendeze. Lakini mwakani sisi wa kidato cha nne hatutakuwapo hapa. Watakaobaki ni wale wadogo zetu, na watakayoyakuta katika maktaba ndiyo watakayoamini. Tukiwaachia wimbo ulioguswa peke yake, mmoja wao atakuja kuandika katika mtihani kwamba mwaka 1928 Unguja palikuwa na ngoma za kinanda cha umeme, naye atakuwa hana kosa; kosa litakuwa letu. Tukiwaachia sauti yenyewe, pengine mmoja atavumilia mikwaruzo ya mwanzo, atainamisha kichwa, kisha atamsikia binti wa mfinyanzi wa Fumba akiimba kwa nguvu zile zile alizojifunza barabarani na vyungu kichwani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne